Je, Kumweleza Tabibu Siri za Utotoni ni Kusengenya?

Tumeletewa suala na kijana mmoja wa Bunda ambaye hakupenda jina lake litajwe. Asema ameshauriwa aende kwa tabibu wa nafsi, akae naye faragha amweleze maisha yake tangu utotoni. Lakini akiyaeleza hayo hapana budi amtaje marehemu baba yake na ukali aliokuwa nao. Auliza: je, hiyo si ghiba? Na kumwendea tabibu huyo si kukiri wazimu?

Suala la pili ni jepesi. Watu wetu, tangu Musoma mpaka Butiama, wakisikia maradhi ya nafsi hufikiri Mirembe ya Dodoma, basi. Tiba tunayoizungumza hapa ni ya mtu mzima mwenye akili timamu, afanyaye kazi yake na kusali sala zake tano, ila aona jambo lile lile lamrudia maishani wala hajui sababu yake.

Njia hii ilianzishwa na Sigmund Freud, tabibu wa mji wa Vienna, mwishoni mwa karne ya 19. Yeye alishika kuwa nafsi ina sehemu ambayo mwenyewe haijui, na humo huzama machungu aliyoshindwa kuyastahimili udogoni. Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka saba afiwa na baba yake, mvuvi aliyezama ziwani. Akilia, wakubwa wamwambia mwanamume halii, akanyamaza. Leo ana miaka arubaini, na kila mkewe akisafiri, japo kwenda Mwanza siku mbili, yeye hugomba na kutafuta makosa, hata akatishia talaka. Mke adhani ni wivu, na mume naye adhani ni wivu. Kumbe ni yule mtoto, angali akingoja ufukoni.

Tabibu hamtolei hotuba mtu huyu. Hiyo ni kazi ya majirani. Humsikiliza dakika 50 hivi, mara moja au mbili kwa juma, na katika njia ya asili ya Freud hata mara nne au tano, kwa miezi au miaka, naye husema kila linalomjia moyoni. Baadaye hutokea ajabu: mgonjwa huanza kumchukulia tabibu kama alivyomchukulia mzazi wake. Tabibu akisema kuwa juma lijalo hatakuwapo, mgonjwa humkasirikia vile vile amkasirikiavyo mkewe. Hapo ndipo tabibu humwonyesha, na mtu akajiona. Kwa kuona huko mara nyingi, lile fundo hulegea.

Ama ghiba, wanazuoni, na Imam Nawawi miongoni mwao, wametaja mahali ambapo yajuzu kutaja aibu ya mtu kwa haja ya haki. Katika dalili zao ni Hind bint Utba, aliyemshitakia Mtume (s.a.w.) ubakhili wa mumewe Abu Sufyan kwamba hampi matumizi ya kumtosha yeye na wanawe. Mtume hakumwambia kuwa anasengenya. Alimjibu haja yake. Sisi twaona mwenye kutaka tiba yumo katika mlango huo, maadamu ataja kiasi kinachohitajiwa tu, na tabibu ni mtu wa kuficha siri. Akitoka hapo akayarudia barazani, hiyo ni ghiba tupu. Wako watakaosema Nabii Yaakub (a.s.) alimshitakia Mungu peke yake huzuni yake. Ni kweli, lakini alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na wanawe wakamwona.

Freud mwenyewe hakuwa mtu wa dini, na mwaka 1927 alitoa kitabu akidai kuwa dini ni dhana ya matamanio tu. Hilo twalikataa. Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, aliwaonya sana wataalamu Waislamu wasizimeze nadharia za Ulaya bila ya kuzichuja. Kuchuja si kumwaga chote.

Wengine husema mambo haya ni ya Wazungu. Neno hilo lina asili mbaya. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari kule Nairobi zama za ukoloni, aliandika mwaka 1953 kuwa Mwafrika haitumii sehemu ya mbele ya ubongo wake kama Mzungu. Ni ajabu leo tukimsaidia kwa vinywa vyetu.

Na kujichungua ni kwetu tangu zamani. Mwaka 1095 Imam Ghazali, mwalimu mkuu wa Nizamiyya ya Baghdad, ulimi wake ulikataa kusomesha na chakula kikamshinda kumeza. Matabibu wakasema maradhi yameanzia moyoni. Yeye alikuwa ameichungua nia yake, akaona kuwa alisomesha kwa kutaka jaha na sifa. Aliyaandika hayo kwa mkono wake, wala hakuona haya.

Basi kijana wetu na aende. Aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, Musoma, au Bugando, Mwanza, aulizie huduma ya afya ya akili; kwani waliosomea njia hii ni wachache nchini, na baadhi yao huzungumza na wagonjwa kwa simu. Mwenye kuwaza kujiua asingoje kabisa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na dada zetu watafute tabibu mwanamke, na asipopatikana, mlango uachwe wazi kidogo na ndugu akae nje, aone asisikie.