Herufi nene katika vioo vya mabasi

Mheshimiwa mwandishi, naafiki usemayo juu ya herufi nene, zilizobanwa mbavu na kuviringwa ncha, lakini hukutaja kwamba huku kwetu wilayani Karagwe, na Kyerwa iliyotengwa nayo mwaka 2012, aghalabu herufi hizo ni dharura wala si anasa, kwa maana majina ya mahali kama Omurushaka na Nyakahanga hayaenei juu ya kioo cha basi isipokuwa yabanwe hivyo na kurefushwa kimo, yapate kusomeka kwa mbali hata katika vumbi. Ila ya herufi hizo ni moja: rangi ikizidi, matundu ya a huziba, na jina Kayanga (lenye a tatu!) husomeka kama madoa. Basi enyi wachoraji wa vibao, tafadhalini, yapanueni matundu kabla ya kunenepesha mistari.