Jaribio Likishindwa, Nani Amekosea?

Wanachuo wengi, warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha, huniletea alama za watoto kana kwamba mtihani ni mzani wa dukani usiokosea. Maoni yangu ni tofauti, na mfano wake nautoa kwa mafundi wa programu za kompyuta, ambao jambo hili wamejifunza kwa gharama.

Ziko programu ziendeshwazo kwa kuandika amri, bila picha za kubofya. Mtungaji wa programu ya namna hii aghalabu huiambatanisha na majaribio: kompyuta huipa programu amri fulani, kisha hulinganisha jibu lililotoka na jibu lililotarajiwa. Mafundi wengine, kama wale wa jumuiya ya Debian, huzifungasha programu ili watu wazipokee zikiwa tayari, na wakati wa kufungasha majaribio hurudiwa. Majibu yasipolingana, kompyuta hutangaza kwamba jaribio limeshindwa. Haisemi mwenye kosa ni nani.

Mwaka 2021 lilitoka toleo la 3.10 la lugha ya Python. Kichwa kimoja katika maelezo ya msaada, kilichokuwa cha maneno mawili, kikafupishwa kuwa neno moja. Programu zilizotegemea maelezo hayo ziliendelea na kazi yake barabara, lakini majaribio yaliyoyalinganisha neno kwa neno yakashindwa. Hapo kosa lilikuwa la mwongozo wa kusahihishia. Nami nimeliona hilo darasani. Swali liliuliza kazi ya mizizi. Mwongozo wa mwanachuo ulisema “kufyonza maji”. Mtoto akaandika “kunywa maji ya ardhini na kuushika mti usianguke”, akaandikiwa kosa. Mtoto yule aliujua mti kuliko mwongozo.

Lakini hatari kubwa zaidi iko upande wa pili. Mwaka 2006 chombo cha ukaguzi kiitwacho Valgrind kilitoa maonyo juu ya OpenSSL, programu itumikayo kutengenezea funguo za siri za kompyuta. Mtunzaji wa kifurushi hicho katika Debian akaondoa mistari iliyoleta maonyo, nayo yakanyamaza. Hakuwa mzembe, aliwauliza kwanza watengenezaji, wala hakukatazwa. Kumbe kati ya mistari ile ulikuwamo uliofanya funguo zisitabirike. Hata Luciano Bello alipoigundua kasoro hiyo, ikatangazwa Mei 2008, funguo zilizotengenezwa kwa muda wa karibu miaka 2 zilikuwa hazizidi 32,768 kwa kila aina na urefu kwenye mashine ya namna moja. Hesabu hiyo kompyuta huweza kuijaribu yote. Funguo zikabidi zitengenezwe upya.

Sasa nitazame daftari la alama la mwanachuo mmoja niliyemkagua. Swali la 7 lilikuwa limefutwa kwa rula. Nilipomuuliza, alijibu kwamba watoto karibu wote walilikosa, hivyo “lilikuwa gumu”, na wastani wa darasa ulikuwa unashuka. Swali lenyewe ni 502 kutoa 178. Tulifungua madaftari pamoja. Wengi walikuwa wameandika 476. Jibu hilo si la kubahatisha: 8 kutoa 2 ni 6, 7 kutoa 0 ni 7, 5 kutoa 1 ni 4. Katika kila safu mtoto alitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu, kwa sababu kuazima kupitia sifuri hakukufundishwa. Swali lile moja lilikuwa limemwonyesha mwanachuo mahali hasa somo lake lilipovunjika, naye akalifuta.

Sisemi kwamba swali lisiondolewe kamwe. Fundi wa vifurushi naye huweza kulazimika kuliruka jaribio, kwa mfano linalohitaji mtandao mahali pasipo na mtandao. Lakini fundi mwadilifu huandika sababu kando ya jaribio lenyewe, na humpelekea mtungaji taarifa. Ndugu mwanachuo, andalio lako la somo lina nafasi ya tathmini, ambayo mara nyingi naikuta imejazwa maneno “somo lilieleweka”. Andika pale: swali la 7, 476, na watoto wangapi. Yule niliyemkagua aliandika hivyo, na asubuhi iliyofuata aliingia darasani na vifungu vya vijiti, mamia na makumi, kuanza upya na 502.