Kadi Kongwe Haina Hatia

Imeenea miongoni mwa watu wetu itikadi ya kwamba kompyuta ni kitu kimoja kisichogawanyika: ikianza kuganda sharti itupwe nzima, na mtu anayethubutu kuitia prosesa na mazabodi mpya huku akiiacha ndani yake kadi ya grafiki ya miaka kumi iliyopita amejihadaa nafsi yake, kwa kuwa kikongwe kile kitavidhili viungo vyote vilivyo vipya. Maneno haya husemwa kwa yakini katika maduka ya Kariakoo, hurudiwa na mafundi wa Mailimoja pale Kibaha, hupanda daladala za Gongo la Mboto mpaka Kisarawe mjini, na sasa hata kijana wa Marui, ambaye wazee wake huishi kwa mihogo na korosho, huyatamka bila kuulizwa ushahidi. Mimi nasema ni maneno batili, na ubatili wake huwagharimu zaidi wale wenye akali ya fedha.

Tumtazame mpiga video wa harusi, maana katika wilaya zetu hizi yeye ndiye mwenye haja ya kweli ya kadi ya grafiki. Mwisho wa juma yuko Marui akirekodi harusi au sherehe ya kumtoa mwali; siku zinazofuata yuko chumbani mwake akikata vipande, akiviunganisha na kuvitilia muziki, huku simu za wenye shughuli zikimwandama. Kompyuta yake ni ya mtumba, iliyokwisha maliza utumishi wake katika ofisi ya Ulaya: RAM yake ni GB 4, diski yake ni ile ya kuzunguka, na ndani yake mna GTX 750 Ti, kadi iliyotoka mwaka 2014. Mashine ikiganda, huambiwa kuwa kadi imepitwa na wakati. Laiti kabla ya kuitikia angalifungua Task Manager iliyomo katika Windows akatazama kwa macho yake mwenyewe, angaliona, kama wanavyoona wengi wenye mashine za namna hiyo, kwamba diski imefika asilimia 100, RAM imejaa pomoni, na kadi inayoshutumiwa imekaa karibu bila kazi.

Sababu si fumbo. Diski ya kuzunguka ina mkono unaosogea juu ya sahani kutafuta kila faili, na RAM inapojaa, Windows hulazimika kuhamishia mzigo kwenye diski hiyo hiyo iliyokwisha lemewa. Hapo mashine nzima husimama kusubiri mkono wa chuma. Diski ya SSD haina mkono wala sahani, na hata ile ya kawaida ya SATA husoma takriban MB 500 kwa sekunde, ilhali ile ya kuzunguka aghalabu haizidi sana MB 150, na katika faili ndogondogo nyingi huachwa mbali zaidi. Mtilie mtu huyu SSD na RAM ya GB 16, umfutie vumbi feni zake, na utaona kikongwe kilichosingiziwa kikifanya kazi yake kwa heshima. Kwani tangu mwaka 2012 kadi za Nvidia zilianza kuwekewa sehemu maalumu ya kubana video, na 750 Ti inayo, hivyo huipunguzia prosesa taabu wakati wa kutoa filamu ya mwisho.

Watasema: hayo ni ya RAM na diski, je, mtu akibadilisha mazabodi na prosesa? Jibu ni kwamba tundu la PCI Express, lililoanza kuingia katika kompyuta mwaka 2004, liliundwa kwa insafu ya kupokea vizazi vyote: kadi ya zamani huingia katika tundu jipya na kadi mpya katika tundu la zamani, kila moja ikienda kwa mwendo wa aliye mdogo kati yao. Zilizokatwa na zamani ni zile za AGP zilizotangulia. Tena prosesa nyingi za bei nafuu, kama Intel i3-12100F, hazina grafiki ndani yake, hata bila kadi ya pembeni kioo hakitoi picha. Basi kadi uliyoambiwa uitupe ndiyo inayokuwezesha kununua prosesa ya bei ya chini. Wakulima wa korosho wana hikima hii: mkorosho uliopunguza mazao haung'olewi pamoja na mizizi, bali hukatwa na machipukizi yake yakabebeshwa kikonyo cha mbegu bora.

Hoja yao kubwa siku hizi ni Windows 11, kwa kuwa Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini hoja hii huwageukia wenyewe. Kinachozikataza kompyuta nyingi za mtumba kuingia Windows 11 ni kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kuwa na prosesa kongwe, kwa upande wa Intel aghalabu zile za kabla ya kizazi cha nane. Kwa upande wa kadi, sharti ni DirectX 12 na draiva yake, nayo 750 Ti hulitimiza. Mtuhumiwa ameachiwa huru na sheria ile ile waliyoileta mahakamani.

Sisemi kwamba kadi haizeeki. Anayetaka michezo mipya mizito, au kuhariri video za 4K kwa programu ya DaVinci Resolve, atafika mwisho wa GB 2 za kadi ile upesi; baadhi ya kadi kongwe kabisa hugoma kuwaka katika mazabodi mpya zinazotaka mfumo wa kuwashia wa UEFI pekee; na baadhi ya Dell OptiPlex zina plagi za umeme za aina yake, zisizokubali mazabodi ya kawaida. Hizi ni sababu zenye jina, na kila moja hupimika. Umri peke yake si sababu.

Kisha kuna umeme. 750 Ti hula wati 60, zote ikizipata katika tundu lake, ilhali RTX 4090 hutaka wati 450. Kwa mtu anayenunua LUKU kidogo kidogo, na ambaye umeme ukikatika hutegemea UPS ndogo imfikishe mpaka ahifadhi kazi yake, tofauti hiyo si ya kudharauliwa. Na taka je? Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Israfu ya namna hii haiwi maendeleo kwa kuitwa maendeleo.

Basi muuzaji akikwambia kadi yako imezeeka, mwombe akuonyeshe kazi moja unayoifanya wewe, si yeye, ambayo kadi hiyo imeishindwa. Asipoweza, irudishe fedha yako mfukoni, ukanunue RAM.