Muziki wa Bure Wafika Kaloleni, Wetu Ungali Kabatini

Jina Kaloleni halina ugeni kwa mtu wa pwani. Tunayo Kaloleni ya Mombasa na Kaloleni ya Kilifi, na ndugu zetu Wagiriama, ambao kutazama kwao ni kulola, watatufasiria mara moja kwamba kaloleni ni nendeni mkatazame. Kaloleni ya Nairobi nayo ina mengi ya kutazamwa. Ni mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na miongoni mwa walioujenga walikuwamo mateka wa vita wa Kitaliano. Mna ukumbi ambao kabla ya uhuru ulikuwa kama bunge la wasiokuwa na bunge, na Tom Mboya na wenzake walihutubia hapo. Mna maktaba pia, tawi la maktaba ya McMillan iliyoko mjini.

Nayataja haya kwa kuwa nina swali ambalo huenda likaonekana la ajabu. Mtoto wa Kaloleni, ambaye baba yake ni mchukuzi wa mizigo katika soko la Gikomba, ana haki gani katika muziki uliotungwa Ujerumani miaka mia tatu iliyopita? Jawabu langu ni kwamba anayo haki kamili, na mlango amekwisha funguliwa.

Mlango huo ulifunguliwa mwaka 2014. Chama cha Uholanzi kiitwacho Netherlands Bach Society, kilichoasisiwa mwaka 1921, kilianza kutoa katika intaneti filamu za kazi za Johann Sebastian Bach, moja baada ya moja, kwa nia ya kuzimaliza zote, nazo ni zaidi ya 1,000. Mtazamaji halipi hata senti moja. Bach alizaliwa mwaka 1685 akafariki mwaka 1750, na wajuzi humhesabu kuwa kilele cha muziki wa baroki, ulioenea Ulaya tangu mwaka 1600 hivi hadi alipofariki yeye. Neno hilo husemwa limetoka kwa Wareno, na maana yake ni lulu isiyo mviringo kamili. Wareno wenyewe tuliwajua vizuri, maana walikaa katika ngome ya Mombasa hadi Waomani walipowatoa mwaka 1698, wakati Bach ni kijana wa miaka 13.

Zamani muziki huu ulikuwa wa wenye nafasi. Ulipigwa katika makasri ya watawala na katika makanisa makubwa. Baadaye ukawa wa wenye tikiti. Hapa Nairobi, maktaba ya McMillan ilipofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Ikiwa kitabu kilifungiwa hivyo, msomaji na akisie jinsi ulivyofungiwa muziki. Leo vijana wa Korogocho, waliofunzwa na mradi wa Ghetto Classics ulioanza mwaka 2008, wanashika fidla na tarumbeta bila ya kumwomba mtu ruhusa. Kijana kama huyo akitaka kuona mikono ya fundi wa Uholanzi, anaiona.

Na kuona si jambo dogo. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba mwanafunzi hapati makhraj ya herufi kwa sikio tu. Humkabili mwalimu wake, akautazama mdomo na ulimi unavyokwenda. Muziki ni hivyo hivyo. Santuri ilitupa sauti, filamu yatupa mwalimu. Bach alipenda mtindo ambao sauti moja hutangulia, ya pili ikaifuata kwa maneno yale yale, kisha ya tatu, hata zote zikawa zinakimbizana bila ya kugongana. Kwa sikio geni hiyo ni fujo. Ukimwona kila mpigaji anapoingia, fujo inakuwa mpango.

Hapa najua atasimama mtu aseme: sisi ni Waislamu, ya kanisani yatuhusu nini? Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Juu ya halali na haramu ya ala, masheikh wana kauli zao mbalimbali tangu kale, na gazeti si mahali pa kutoa fatwa. Ambaye hasikilizi ala yoyote, makala haya hayamlazimishi. Bali ambaye huketi kusikiliza udi na kanuni harusini, huyo nina neno naye.

Kwanza, ala hizo za Ulaya baadhi yake ni jamaa zetu. Luti, ambayo Bach alitungiwa na kuitungia, si nyingine ila al-udi yetu iliyovuka Andalusia ikabadilishwa jina. Al-Farabi aliandika kitabu kikubwa cha muziki karne saba kabla ya Bach. Pili, si kazi zote za Bach ni za ibada yao. Zipo nyingi za ala tupu, fidla peke yake au kinanda peke yake, zisizo na neno la dini yoyote. Tatu, na hili naona ni la kuzingatia, mtu huyu alikuwa na desturi ya kuandika mwishoni mwa kazi zake nyingi za kanisa herufi tatu zenye maana ya kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Washairi wetu nao hawakuanza utenzi ila kwa Bismillahi. Mwaka 1728, Bach akiwa Leipzig, Bwana Mwengo wa Pate alitunga Utendi wa Tambuka. Walikuwa watu wa zama moja, kila mmoja katika itikadi yake, na wote wawili waliona kuwa kipaji ni amana.

Lakini tusidanganyane juu ya neno bure. Filamu ni bure, njia ya kuifikia si bure. Mwenye simu Kaloleni hununua bando kwa shilingi alizozipima, na filamu ya saa nzima hulila bando lote kabla ya kwisha. Ndiyo maana nasema kazi iliyobaki ni yetu. Tangu shirika la Book Bunk liundwe mwaka 2017, matawi ya maktaba ya Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa. Palipo na maktaba na ukumbi, kitambaa cheupe ukutani na spika mbili zatosha. Jioni moja kwa juma, mtaa na ukae utazame, juma hili Bach, juma la pili udi wa Zein l'Abdin wa Lamu, juma la tatu nyatiti. Serikali ya kaunti isione hilo kuwa anasa. Bach mwenyewe tangu mwaka 1723 aliajiriwa na baraza la mji wa Leipzig, na hata hivyo alinung'unika. Katika barua ya mwaka 1730 alilalamika kwamba hewa ikiwa nzuri, maziko hupungua, na ujira wake wa maziko hupungua nao.

Barua hiyo yatufundisha jambo. Mwanamuziki hula. Wapigaji wanaoonekana katika filamu za Uholanzi hawakupiga bure. Wamelipwa kwa michango ya wapenzi wa muziki na fedha za umma, kisha mtazamaji akasamehewa. Huo ndio ubure wa haki. Ubure wa kumnasa kwa simu mwimbaji wa taarabu harusini, ukamtandaza dunia nzima asipate hata nauli ya kurudi nyumbani, ni kumdhulumu, nao twauona kila siku.

Sasa nifikie linaloniuma. Waholanzi wamemfungulia dunia mtu ambaye hakuwa hata Mholanzi. Sisi wetu wako wapi? Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zake leo ni za wachache wenye kuzikusanya. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja iko tangu mwaka 1905, na mangapi iliyoyapiga yamepotea na waliokuwapo? Tenzi zetu nyingi mtu huzisoma katika intaneti kwa sababu chuo cha SOAS cha London kilizipiga picha na kuziweka wazi. Tuwashukuru, na tuone haya. Walioanza kazi hapa kwetu wapo. Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2007, pamoja na wenzao wa London katika mradi wa Singing Wells, wamezunguka vijijini Afrika ya Mashariki wakirekodi na kupiga filamu, na filamu hizo kila mtu huzitazama. Hilo ni la kuungwa mkono kwa fedha, makofi hayatoshi.

Na pwani je? Katika majumba ya Mombasa, Lamu na Malindi mna kanda zilizofungiwa makabatini. Hewa ya chumvi hairehemu kanda, na kila mwaka zinazosikika zinapungua. Mwenye kanda huiona mali, nayo ni mali kweli, ila ni mali inayooza. Kaunti zetu za pwani zina idara za utamaduni. Nazipange nyumba hadi nyumba, zinakili kanda bila ya kumnyang'anya mwenyewe, ziwapige filamu mafundi wa udi waliobaki, ziwalipe wao au warithi wao, kisha ziache mlango wazi.

Hapo mtoto wa Leipzig naye atawezeshwa kutazama yetu, kama mtoto wa Kaloleni anavyotazama yao. Kwa sasa yeye hana pa kwenda kulola.