Kinywaji Kinapotaka Kuvuka Mpaka

Kama wewe ni mwanafunzi wa biashara, huenda umewahi kupewa zoezi la aina hii: kampuni fulani ya vinywaji yataka kuingia nchi ya kigeni, eleza ikiwa itafaulu. Wengi hukimbilia idadi ya watu. Huizidisha kwa chupa moja kwa wiki, basi kampuni ikatajirika papo hapo kwenye karatasi!

Hebu tuifanye hesabu hiyo tukiwa Chwele, pale Bungoma. Mbukusu wa Chwele na Mgisu wa Mbale husikizana bila mkalimani. Kijana wa Chwele anayetengeneza juisi ya matunda ataona Mbale kama mtaa wa pili tu, akivuka Lwakhakha amefika. Lakini hata wenye mabilioni wamewahi kuona jirani akiwa karibu namna hiyo, wakaumia.

Bila shaka wazee nyumbani wanaikumbuka bia ya Castle. Kampuni ya South African Breweries, ambayo mwaka wa 1993 ilikuwa imenunua nusu ya Tanzania Breweries, ilijenga kiwanda chake Thika, kikafunguliwa 1998. Fedha walikuwa nazo, na ufundi pia. Waliyemkuta ni Kenya Breweries, kampuni iliyoanza Ruaraka mwaka wa 1922, na ambayo malori na mawakala wake walikuwa wamefika kila kichochoro. Mwenye baa aliyezoea kuletewa Tusker mlangoni ana sababu gani ya kumsubiri mgeni? Wakenya nao walikuwa wamejenga kiwanda cha Kibo kule Moshi, wakakutana na ukuta ule ule upande wa Tanzania.

Mwaka wa 2002 wakubwa hao walikubaliana. Kiwanda cha Thika kikafungwa, cha Moshi kikasimama, na kila upande ukapata asilimia 20 ya hisa katika kampuni ya mwenzake. Castle ikaanza kupikwa na Kenya Breweries! Wenye hisa walilala usingizi. Mfanyakazi wa Thika, aliyekuwa amepanga nyumba na kupeleka watoto shule kwa kutegemea kazi ya miaka minne tu, hakuulizwa. Ndoa hiyo nayo ilivunjika: East African Breweries ilinunua sehemu kubwa ya Serengeti Breweries ya Tanzania mwaka wa 2010, na mwaka uliofuata kila upande ukauza hisa zake katika kampuni ya mwenzake. Safari hii Wakenya waliingia Tanzania kwa kununua kampuni yenye mawakala tayari, na kwa maoni yangu huo ndio mlango waliopaswa kuutumia tangu mwanzo.

Kijana wetu wa Chwele hawezi kununua kampuni. Ana nafuu moja: Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa umetengenezwa humu, kuvuka kwa cheti chepesi bila ushuru wa forodha. Lakini ushuru wa bidhaa ni jambo lingine. Tangu 2019 juisi ya chupa inabandikwa stempu ya serikali hapa Kenya, na Uganda ina stempu yake. Na cheti hakizuii ugomvi. Mapema mwaka wa 2020 maafisa wa Kenya walinasa maziwa ya Lato kutoka Uganda, ingawa nchi zote mbili ni wanachama.

Tena juisi ni maji mazito kubeba. Ndiyo maana Coca-Cola haitusafirishii soda kutoka Marekani. Huuza kiini chake, na maji hutiwa na viwanda vya huku.

Kwa hivyo kabla ya kuhesabu watu wa Mbale, kijana apande matatu akaulize madukani mambo mawili: anayewaletea juisi sasa huja mara ngapi kwa wiki, na huwapa siku ngapi kabla ya kudai pesa zake.