Tahariri: Mkimbizi Kwenye Lango la Shule

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Sahaba zake, na wote wanaofuata mwongozo wake hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Kila mwezi wa Januari shule za serikali nchini Kenya hufungua milango yake kwa mwaka mpya. Wazazi hupanga foleni nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, vyeti vya kuzaliwa vikiwa mkononi na watoto wakiwa ubavuni. Katika foleni hizo, iwe ni Eastleigh, Mombasa au Garissa, huwamo wazazi wanaosimama pembeni wasiseme na mtu. Hao ni wakimbizi. Wengi ni ndugu zetu kutoka Somalia na Ethiopia. Wengine ni watu wa Sudan Kusini, Kongo na Burundi. Baadhi yao husimama safu moja nasi kila Ijumaa. Katika toleo hili tumeona ni wajibu tuzungumze juu ya watoto wao, na zaidi ya hapo, tuzungumze juu yetu sisi wenyewe.

Mama mmoja anayesali katika mmojawapo wa misikiti yetu alikwenda shule ya serikali mara tatu ili amwandikishe binti yake wa miaka kumi na mmoja. Mara ya kwanza aliulizwa cheti cha kuzaliwa, naye akadhani kwamba amekataliwa. Mara ya pili alichukua karatasi yake ya ukimbizi. Akaambiwa langoni asubiri, akasubiri mpaka adhuhuri, kisha akarudi nyumbani. Mara ya tatu alipewa fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza, na fomu hiyo ikalala chini ya godoro muhula mzima. Muhula wa pili kijana mmoja wa darsa letu, aliyesoma katika shule hiyo hiyo, alifuatana naye. Mwalimu mkuu alizisoma karatasi, akauliza maswali mawili, akamwita mwalimu wa darasa. Kabla ya kengele ya mapumziko jambo lilikuwa limekwisha. Sheria haikumzuia binti yule, na wala pesa haikuwa tatizo. Alipoteza muhula mzima kwa kukosa mtu wa kwenda na mama yake.

Tunaitaja sheria kwa kuwa wengi wetu hatuijui. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951 katika mwaka 1966, na ibara ya 22 ya mkataba huo inazitaka nchi zimtendee mkimbizi katika elimu ya msingi sawa na zinavyomtendea raia. Elimu ya msingi bila malipo ilitangazwa nchini mwaka 2003. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Tunawaomba wasomaji walizingatie neno hilo: kila mtoto. Haikusema mtoto wa raia, wala mtoto mwenye karatasi. Mwezi wa Disemba 2017 nchi za IGAD zilikutana Djibouti zikaahidi kuwaingiza watoto wa wakimbizi katika mipango ya elimu ya taifa. Baadaye ikaja Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Na mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma ziwe makazi ya pamoja, ambamo shule na huduma nyingine zitakuwa chini ya serikali badala ya kubaki mikononi mwa mashirika ya misaada.

Ikiwa sheria imefungua mlango, ni kitu gani kinachomzuia mtoto? Sisi tunaona mambo matatu.

La kwanza ni karatasi. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilianzisha mfumo wa kompyuta wa kusajili wanafunzi, nao ulidai namba ya cheti cha kuzaliwa. Ruzuku ya serikali kwa shule ikafuata majina yaliyosajiliwa. Mwalimu mkuu anayempokea mtoto asiyeweza kusajiliwa huongeza mdomo bila kuongezewa chakula. Basi tusiharakishe kuwalaumu walimu wakuu. Wengi wao wamewapokea watoto wa wakimbizi kwa huruma yao, huku hesabu za shule zikiwaelemea. Lakini yapo yanayowezekana. Mtoto aliyezaliwa katika ardhi ya Kenya, hata kama wazazi wake ni wakimbizi, ana haki ya kuandikiwa kuzaliwa kwake. Cheti hicho ni ushahidi wa kuzaliwa tu, wala hakimfanyi mtu kuwa raia. Wakina mama wengi wa Kikimbizi hujifungulia nyumbani na hawajui kwamba taarifa ya uzazi wa nyumbani hupelekwa kwa naibu wa chifu. Wakichelewa, njia huwa ndefu zaidi, lakini haifungiki.

La pili ni lugha. Mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye hajapata kushika kalamu, au aliyesoma kwa Kisomali au Kiarabu, huwekwa darasa moja na watoto wa miaka saba. Magoti yake hayaenei chini ya dawati. Wenzake humcheka anaposema, naye hunyamaza. Na akinyamaza, mwalimu mwenye watoto sabini mbele yake hudhani kuwa ni mzito wa kuelewa. Baada ya miezi michache mvulana hupelekwa kubeba mizigo sokoni, na msichana hubaki nyumbani akingoja mchumba. Shule zinazofanikiwa kuwashika watoto hawa hufanya mambo mepesi: humpima mtoto kwanza kujua anachokijua, humpa mwenzake wa kukaa naye anayeifahamu lugha yake, na humwongezea saa chache za lugha kabla ya kumpandisha darasa la umri wake.

La tatu ni hofu. Tusisahau mwezi wa Aprili 2014, ilipofanywa operesheni ya Usalama Watch, na maelfu ya watu wakachukuliwa kutoka majumbani mwao Eastleigh na kuzuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mzazi aliyepita katika siku zile, au aliyesimuliwa na jirani yake, huiogopa kila ofisi inayouliza jina, namba na mahali pa kuishi. Kwake yeye fomu ya shule na fomu ya polisi zinafanana. Mtu wa namna hii hahitaji kuambiwa tu kwamba ana haki. Anahitaji kumwona mtu anayemwamini akiingia ofisini pamoja naye na kutoka salama.

Hapa hatuna budi kujitazama katika kioo. Wengi wetu tuna jamaa Minneapolis, Columbus au Toronto, waliofika huko kama wakimbizi. Tunafurahi tunaposikia watoto wao wamepokewa shuleni. Lakini tumewahi kujiuliza ilikuwaje? Nchini Marekani, mwaka 1974, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya wanafunzi wa asili ya Kichina wa San Francisco: kumweka mtoto katika darasa asiloelewa lugha yake, bila ya kumsaidia, ni kumnyima elimu. Mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Texas, mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba mtoto hawezi kufungiwa shule ya umma kwa sababu wazazi wake waliingia nchini bila ruhusa. Kutokana na misingi hiyo wilaya nyingi za shule huajiri wakalimani na kutafsiri barua za wazazi, kwa Kisomali na hata kwa Kiswahili, kwa ajili ya Wakongomani waliotoka kambi kama Nyarugusu iliyoko Tanzania. Hata huko wapo wanaotaka mlango huo ufungwe, na jamaa zetu wanahofia. Basi lile tunaloliombea jamaa zetu huko, tuna hoja gani ya kulikataa kwa mgeni aliye hapa?

Dini yetu haikutuacha bila mfano. Katika mwaka wa tano wa Utume, Waislamu wa mwanzo walihamia Uhabeshi kukimbia mateso ya Makuraishi. Aliyewapokea, Najashi, alikuwa mfalme Mkristo. Wajumbe wa Makka walipokuja kuwadai, aliwaita wakimbizi wajieleze wenyewe mbele yake, akamsikiliza Ja'far bin Abi Talib (r.a.) hadi mwisho, na akakataa kuwatoa. Huko ugenini Ja'far alizaliwa mtoto, Abdullah, aliyekuja kuwa miongoni mwa watu mashuhuri kwa ukarimu katika Uislamu. Mtoto wa mkimbizi, aliyekulia chini ya hifadhi ya mfalme Mkristo, alikuja kuwa hazina ya umma huu. Kwa hiyo asitokee miongoni mwetu wa kusema kwamba watoto wa Kikongomani na wa Sudan Kusini hawatuhusu kwa kuwa wengi wao si Waislamu. Deni la Najashi lingali juu ya shingo zetu.

Na alipohamia Madina Abdurrahman bin Auf (r.a.), Mtume (s.a.w.) alimuunganisha undugu na Sa'd bin Rabi' (r.a.) katika Ansari. Sa'd alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akaikataa, akataka aoneshwe soko. Akaoneshwa soko la Banu Qaynuqaa, akaanza kuuza jibini na samli, na haukupita muda akawa mtu wa kujitegemea. Tukizingatia tutaona kwamba wote wawili walifanya wema. Lakini lililomsimamisha mgeni kwa miguu yake ni kuoneshwa njia na mwenyeji anayeijua. Kwa mtoto wa leo, soko hilo ni shule.

Sisi katika misikiti yetu tumezoea sehemu ya kwanza ya kisa hiki na kuisahau ya pili. Ramadhani ikiingia tunapeleka tende, mchele na mafuta kwa familia za wakimbizi, na Allah (s.w.) atulipe kwa hilo. Januari ikifika hakuna anayeuliza ni watoto wangapi wa familia zile zile wamebaki nyumbani. Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba madrasa inawatosha. Hilo si kweli, na wasemao hivyo hawawatoshelezi watoto wao kwa madrasa peke yake. Wapo waliowachukua wasichana wa kikimbizi kuwa watumishi wa nyumbani, na kuuita utumishi huo msaada. Wapo wanaowaita wakimbizi kwa majina ya dharau hata katika varanda ya msikiti. Haya ni maradhi, na tiba yake huanza kwa kuyakiri.

Wapo pia wanaouliza kwa nia njema: watoto wetu wenyewe wanabanana madarasani, itakuwaje tukiongeza wengine? Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba watoto hawa tayari wapo mitaani mwetu. Mtoto asiyesajiliwa huketi kwenye dawati bila kuleta hata shilingi moja ya serikali. Akisajiliwa, fungu lake hulifuata jina lake, na shule hupata nguvu ya kudai walimu na madarasa. Mzazi mwenyeji na mzazi mkimbizi wakisimama pamoja mbele ya ofisi ya elimu, wote wawili husikika zaidi.

Kwa hiyo tunazinasihi kamati za misikiti yetu zifanye haya. Kwanza, kila msikiti uteue watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojua lugha za wakimbizi wa mtaa wao, wafuatane na wazazi kwenda shule, kwa chifu na katika Idara ya Huduma za Wakimbizi. Pili, ukumbi wa madrasa, ambao hukaa mtupu asubuhi, utumike kuwafundisha Kiswahili na Kiingereza watoto waliopitwa na umri kabla hawajaingia darasani. Tatu, fungu la msafiri aliyekatikiwa na njia, ambalo limetajwa katika aya ya 60 ya Surat at-Tawba, maimamu walifafanulie jamaa zao, ili sare, viatu na madaftari visiwe sababu ya mtoto kurudishwa nyumbani. Nne, Waislamu wanaokaa katika bodi za shule wasikae kimya. Waombe mikutano ya wazazi iwe na mkalimani, kwani mzazi asiyeelewa kinachosemwa hatarudi tena.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kungoja mfadhili. Linahitaji saa mbili za asubuhi moja na mtu aliye tayari kukaa katika benchi la ofisi ya shule pamoja na jirani yake. Katika Surat al-Hashr, aya ya 9, Allah (s.w.) amewasifu watu wa Madina kwa kuwapenda waliohamia kwao na kuwatanguliza, ilhali wao wenyewe walikuwa na shida. Sifa hiyo haikufungwa kwa watu wa Madina peke yao. Ijumaa ijayo, kabla ya kuondoka msikitini, kila mmoja wetu amwulize aliye kando yake katika safu: watoto wako wanasoma wapi?

Tunamwomba Allah (s.w.) azifungue nyoyo zetu kama alivyozifungua nyoyo za Ansari, awarehemu waliopotelewa na nchi zao, awajaalie watoto wao elimu yenye manufaa, na asitufanye sisi kuwa kizuizi katika njia yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.