Kijana anang'olewa gego la mwisho? Maandalizi yaanze wiki mbili kabla

Wazazi wenye vijana wa miaka 17 hadi 25 wanaijua habari hii. Kijana analalamika kwamba nyuma ya taya kunauma, mdomo haufunguki vizuri, chakula kinanasa. Anapigwa eksirei, daktari anaonyesha gego la mwisho limelala ubavu ndani ya mfupa, halina pa kutokea. Jino la namna hiyo haling'olewi kwa koleo peke yake. Fizi hupasuliwa, mara nyingine mfupa hupunguzwa kidogo na jino hukatwa vipande, kisha panashonwa. Huo ni upasuaji, hata kama kijana atarudi nyumbani kwa bodaboda siku hiyohiyo (na ni afadhali asirudi kwa bodaboda).

Kinachowashtua wazazi wengi ni shavu la siku ya pili na ya tatu. Limejaa kama andazi, na kwa wengine damu imevilia chini ya ngozi, ikashuka taratibu mpaka shingoni. Kwa mwenye ngozi nyeupe utaona zambarau, halafu kijani na njano. Kwenye ngozi zetu nyeusi huonekana kama doa lililokolea, na pengine huligundui mpaka mtoto aseme panauma akiguswa. Majirani wanauliza amepigwa na nani. Bibi ameshabandika maji ya moto.

Kuvimba kidogo hakuepukiki, kwa sababu mwili unajitibu. Lakini damu itakayovilia inaweza kuwa nyingi au kidogo kutegemea mambo ambayo wewe mzazi unayajua na daktari hayajui. Usipomwambia, hatayaona kwenye eksirei.

Anza na dawa. Kijana aliyeumwa jino wiki mbili hakukaa bila kumeza kitu. Amepita duka la dawa akapewa diklofenaki, ama ibuprofeni, ama amechukua aspirini ya babu kabatini. Damu yetu ina chembe sahani, zile zinazokimbilia penye jeraha kuziba tundu. Aspirini ikizishika chembe hizo haiziachii. Zinabaki hazina nguvu hadi zife, na chembe moja huishi kati ya siku 7 na 10. Ndiyo maana kidonge cha Jumatatu bado kina kazi yake kwenye damu siku ya Ijumaa. Ibuprofeni na diklofenaki nazo hulegeza chembe hizo, ila nguvu hurudi dawa ikishatoka mwilini, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Parasetamoli haina tabia hiyo, kwa hiyo ndiyo ya kutumia wakati mnasubiri tarehe, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Na kwa aliye chini ya miaka 16, aspirini isitumike kabisa kutuliza maumivu au homa bila agizo la daktari, kwani inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini huharibu ini na ubongo.

Usitegemee kukumbuka majina. Kusanya kila pakiti iliyopo nyumbani, piga picha kwa simu, mwonyeshe daktari siku ya kwanza mnapokwenda kupanga tarehe.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulichanganya, na ni la hatari. Kama anayeng'olewa ni wewe mwenyewe au mzee wako, na daktari wa moyo amemwandikia aspirini au warfarini, asiache kwa hiari yake eti apunguze damu. Damu ya fizi huzuilika kwa kubana gozi na kushona. Bonge la damu likienda kwenye ubongo, halizuiliki kwa gozi. Mjulishe daktari wa meno, naye atawasiliana na mwenzake. Kwa anayetumia warfarini ataagiza kipimo cha INR siku chache kabla ya upasuaji, aone kama damu iko kwenye kiwango salama.

Mitishamba nayo itajwe. Tangawizi ya kwenye chai na kitunguu saumu cha kwenye mchuzi visikutie hofu. Ninaozungumzia ni wale wanaomeza vidonge au unga wa vitu hivyo kwa wingi kila siku, au vidonge vya mafuta ya samaki na ginkgo vinavyouzwa kwa sifa nyingi. Madaktari wengi hutaka viachwe wiki moja hadi mbili kabla ya upasuaji. Watu huona aibu kumtajia daktari dawa za kienyeji. Ni bora aibu ya dakika moja.

Sasa nije kwenye swali ambalo naona ndilo zito kuliko yote, na mara nyingi mama ndiye pekee mwenye majibu yake. Je, mtoto huyu alipotahiriwa damu ilichelewa kukata? Akitokwa damu puani, inapita dakika kumi huku mmembana? Alipong'olewa jino la utotoni, mto ulikutwa na damu asubuhi? Upande wa mama, kuna mjomba aliyekuwa akivimba magoti akianguka kidogo tu, au aliyefariki kwa kutokwa damu akiwa mdogo? Hemofilia hupita kwa mama na kuwapata zaidi watoto wa kiume. Upo pia ugonjwa wa von Willebrand, ambao huwapata wote, wa kike na wa kiume. Kwa binti, dalili yake hujificha kwenye hedhi: inapita siku 7, inalowesha pedi kila saa moja au mbili, na yeye anaambiwa ni kawaida kwa sababu mama yake na shangazi yake nao walikuwa hivyohivyo. Pengine wote walikuwa na tatizo moja.

Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, usisubiri asubuhi ya upasuaji. Sema mapema ili damu ipimwe, na ikibidi kazi ifanyike hospitali ya rufaa dawa za kugandisha damu zikiwa mkononi. Mwenye selimundu naye atajwe mapema. Hatakiwi kupungukiwa maji wala kupigwa na baridi, kwa hiyo hata saa za kufunga chakula zipangwe kwa ajili yake.

Kuhusu nanasi. Kuna video inayozunguka kwenye simu ikisema kunywa juisi ya nanasi kwa wingi kabla ya kung'oa gego huzuia uvimbe. Ndani ya nanasi kuna kimeng'enya kinachoitwa bromeleni, na vidonge vyake vimejaribiwa kwa wagonjwa wa aina hii, matokeo yakawa mchanganyiko. Lakini bromeleni nyingi iko kwenye shina, ambalo hakuna anayelikamua. Kijana akipenda nanasi ale, ila si baada ya kushonwa, maana litamwasha. Mimi ningempa mchicha, machungwa, mayai na maharage ya kila siku, nisinunue kidonge chochote.

Sigara na shisha ziachwe siku kadhaa kabla na baada, maana huchelewesha kidonda na kuongeza uwezekano wa tundu kukauka, maumivu yanayowatoa watu machozi siku ya tatu au ya nne. Meno yapigwe mswaki vizuri, hata huko nyuma panapouma. Anayetumia dawa za presha azimeze kama kawaida asubuhi hiyo, asipoelekezwa vingine. Presha ikiwa juu, damu hutoka zaidi.

Ulizeni: ni ganzi au nusu kaputi? Kama ni ganzi, kijana ale kifungua kinywa. Wengi huzimia kwenye kiti kwa njaa na woga. Kama ni nusu kaputi, kwa kawaida asile kwa saa 6, na maji matupu yakome saa 2 kabla, ila mfuate maelekezo ya hospitali yenu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, gandisha barafu. Kama hamna friji, mwombe jirani au ujue duka linalouza. Mkirudi, ifunge kwenye kitambaa au khanga, iwekwe shavuni dakika 15 hadi 20, iondolewe muda kama huo, irudishwe, akiwa macho, kwa siku mbili za kwanza. Alale na mito miwili. Mtori uwe umeshapoa. Asisukutue kabisa saa 24 za kwanza, wala asinyonye kwa mrija.

Bibi aelezwe mapema kuhusu kukanda. Maji ya moto siku ya kwanza hutanua mishipa na kumwaga damu zaidi chini ya ngozi. Kuanzia siku ya tatu kitambaa cha uvuguvugu ni kizuri, na hapo kazi hiyo akabidhiwe yeye, anaijua kuliko sisi.

Uvimbe hufika kileleni kati ya siku ya pili na ya tatu, na doa la damu hufutika ndani ya wiki moja hadi mbili, hivyo msipange tarehe karibu na mtihani au harusi. Damu isiyokata baada ya kubana gozi kwa nguvu saa nzima, homa, au uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu: rudini hospitali. Akishindwa kumeza au kupumua, nendeni usiku huohuo.